Plagi, Soketi na Volteji katika Pwani ya Malindi na Kilifi: Tafsiri Inapokutana na Umeme

Utangulizi

Msafiri anayetoka mjini Malindi na kushika njia ya Garsen hupita Mambrui, kisha Gongoni na Marereni, akaona upande wa bahari madimbwi mapana yenye weupe unaometa. Hayo ni mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huvutwa kwa pampu, yakaenezwa katika madimbwi hayo, jua likayakausha na chumvi ikabaki. Bara kidogo, huko Baricho kando ya Mto Sabaki, pampu nyingine huvuta maji matamu na kuyasukuma hadi Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Kusini, huko Vipingo, mashine huchuna nyuzi za mkonge. Katika mahoteli ya Malindi na Watamu majiko huoka na majokofu hugandisha samaki. Shughuli hizi hazifanani, lakini zote hutegemea tendo moja dogo, yaani kuunganisha mashine na umeme unaoifaa.

Tendo hilo ni dogo kwa macho tu. Mashine iliyoundwa kwa volti 120 ikipewa volti 240 haiwi na nguvu maradufu, huungua. Mwili wa mashine uliokosa waya wa ardhi unaweza kumuua mtu aliyesimama peku juu ya sakafu yenye maji. Jokofu la samaki likiharibika usiku, hasara huanza kwa mwenye jokofu, ikamfikia mvuvi, na kumalizikia kwa mama karanga aliyekuwa akitegemea samaki hao kwa riziki ya jioni.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi plagi na soketi za viwandani zinavyolinganishwa na volteji ya kifaa, na kuonyesha kwa nini suala hili linawahusu pia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba plagi ya viwandani ni lugha iliyotungwa kwa makusudi ili kuzuia makosa. Ina rangi zake, idadi zake na nafasi zake, na kila kimojawapo kina maana. Lugha hiyo inapofasiriwa kwa Kiswahili bila uangalifu, maana yake inaweza kugeuka kabisa, na mfano ulio bayana zaidi, kama itakavyobainika, ni ule wa kusoma saa.

Umeme Unaofika Pwani

Umeme wa pwani hii husafirishwa kwa volteji kubwa mno kabla ya kumfikia mtumiaji. Njia ya volti 220,000 hutoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen kuelekea Lamu. Tangu mwaka 2021 mtambo wa nishati ya jua ulioko Langobaya, magharibi mwa Malindi, nao huchangia umeme katika gridi ya taifa. Volteji hiyo hupunguzwa kwa hatua hadi volti 33,000 au 11,000, kisha transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani huishusha hadi kiwango cha matumizi, yaani volti 415 na volti 240, kwa mapigo 50 kwa sekunde, au hezi 50.

Wasomaji wengi hujiuliza ni vipi transfoma moja hutoa volteji mbili. Jibu limo katika idadi ya nyaya. Transfoma hutoa nyaya nne, tatu zikiwa za fezi na moja ya nyutro. Kati ya fezi yoyote na nyutro kuna volti 240, nazo ndizo zinazowasha taa na pasi majumbani. Kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 415. Uwiano huo hautokani na sadfa, kwani 240 ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 3, ambacho ni takriban 1.73, hupatikana 415.

Maana ya fezi tatu huweza kufafanuliwa kwa kinu. Watu watatu wakitwanga katika kinu kimoja, michi yao haishuki kwa pamoja, la sivyo ingegongana. Mmoja anapopiga, wa pili huwa njiani kushuka, na wa tatu anainua. Kazi haisimami hata nukta moja. Ndivyo zilivyo fezi tatu. Kila moja hufikia kilele chake baada ya mwenziwe, kwa zamu zenye umbali sawa, na ndiyo sababu mota kubwa za pampu na za mashine za mkonge huzunguka kwa utulivu zikitumia umeme wa aina hii.

Mahali Volteji za Dunia Zinapokutana

Lau vifaa vyote vingeundwa kwa volteji za Kenya, pasingekuwa na tatizo. Hali haiko hivyo, na pwani ya Malindi ni ushahidi mzuri wa jambo hilo. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna kituo cha anga cha Waitalia, ambacho jukwaa lake la San Marco limesimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa hilo ikapewa jina Uhuru. Roketi ilitoka Marekani, urushaji uliendeshwa na Waitalia, na bahari ilikuwa ya Kenya. Urushaji wa roketi hapo ulikoma mwaka 1988, lakini mfano wake ungali na mafunzo. Katika nchi hizo tatu umeme wa nyumbani haufanani. Nchini Marekani ni volti 120 kwa hezi 60. Nchini Italia ulikuwa volti 220, na baadaye 230, kwa hezi 50. Nchini Kenya ni volti 240 kwa hezi 50. Palipo na vifaa vya asili tatu namna hiyo, mtu hana budi kuuliza kila mara kifaa kilichoko mbele yake kinadai umeme gani.

Swali hilo halikubaki kwenye majukwaa ya roketi. Mashine ya kahawa kutoka Italia, pampu kutoka China, kifaa kilichokwisha kutumika kutoka Uingereza na mashua ya matanga kutoka Amerika iliyotia nanga katika mkono wa bahari wa Kilifi, vyote huja na desturi ya umeme ya kwao. Tofauti ndogo huvumilika kwa vifaa vingi, hususan vile vilivyoandikwa volti 220 hadi 240. Hata hivyo, pasi inayotoa joto kwa waya, ikiwa imeundwa kwa volti 220 hasa, hutoa joto zaidi kwa asilimia 19 hivi inapopewa volti 240. Hii ni kwa sababu joto huongezeka kwa mraba wa volteji. Kwa kanuni iyo hiyo, kifaa cha joto cha volti 120 kikipewa 240 hutoa joto mara nne, na cha volti 110 hukaribia mara tano. Hapana kifaa kinachodumu katika hali hiyo.

Hezi nazo zina hukumu yake. Mota ya hezi 60 ikipewa hezi 50 hupungua mwendo hadi sehemu tano za sita za mwendo wake wa kawaida. Isitoshe, ikiwa volteji haikupunguzwa kwa kadiri hiyo hiyo, mota huvuta mkondo mwingi kupita kiasi ikapata moto. Kwa hivyo volteji ikiwiana na hezi zikahitilafiana, kazi ya kulinganisha bado haijakamilika.

Kusoma Kibati

Hatua ya kwanza ya kulinganisha plagi na kifaa haianzii kwenye plagi. Huanzia kwenye kibati cha maelezo kilichobandikwa mwilini mwa mashine. Hapo huandikwa volti (V), hezi (Hz), idadi ya fezi, ampea (A) na nguvu katika kilowati (kW). Anayenunua plagi kabla ya kusoma kibati ni sawa na anayenunua kufuli bila kuujua mlango.

Yapo maandishi ya kibati ambayo humkanganya hata fundi mzoefu. Mota nyingi za fezi tatu huandikwa volteji mbili, mathalani 230/400, pamoja na michoro midogo ya pembetatu na nyota. Michoro hiyo huonyesha namna mbili za kuunga nyaya ndani ya kisanduku cha mota. Katika mfano huu, pembetatu ni kwa umeme wa fezi tatu wa volti 230, na nyota ni kwa ule wa volti 400. Katika pwani ya Kenya, ambako fezi tatu ni volti 415, mota hiyo haina budi kuungwa kwa nyota. Fundi akiiunga kwa pembetatu, kila koili iliyokusudiwa volti 230 itabeba 415, na mota itaungua. Kwa upande mwingine, mota iliyoandikwa 400/690 huungwa kwa pembetatu katika umeme uo huo wa 415. Mchoro ni ule ule, lakini uamuzi hubadilika kwa kufuata tarakimu zilizoandamana nao.

Baada ya volteji huja mkondo. Soketi ya kawaida ya nyumbani nchini Kenya, yenye matundu matatu ya mstatili, hufuata kiwango cha Uingereza kilichochapishwa mwaka 1947, na plagi yake hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13. Volti 240 zikizidishwa kwa ampea 13 hupatikana wati 3,120, na huo ndio mpaka wake. Mota ya pampu ya kilowati 7.5 kwa fezi tatu huvuta takriban ampea 14 katika kila fezi inapokwenda kwa uzani kamili, na huvuta mara kadhaa zaidi kwa muda mfupi inapoanza. Hiyo si kazi ya plagi ya nyumbani. Ni kazi ya plagi ya viwandani.

Rangi, Pini na Nafasi

Plagi za viwandani zinazoonekana kwa wingi, zile za mviringo zenye ganda la plastiki la rangi, hufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60309. Zipo za ampea 16, 32, 63 na 125, na kila kadiri ina ukubwa wake, hivyo plagi ya ampea 32 haiingii katika soketi ya ampea 16. Mbali na ukubwa, lugha ya plagi hizi ina ishara tatu.

Ishara ya kwanza ni rangi, ambayo husema volteji. Manjano ni volti 100 hadi 130. Buluu ni volti 200 hadi 250. Nyekundu ni volti 380 hadi 480. Nyeusi ni volti 500 hadi 690. Kwa volteji ndogo, zambarau ni volti 20 hadi 25, na nyeupe ni 40 hadi 50. Katika pwani hii, buluu na nyekundu ndizo zinazohitajika zaidi, kwa kuwa 240 imo katika upeo wa buluu na 415 imo katika upeo wa nyekundu. Ganda la manjano likionekana, mara nyingi ni la kifaa cha ujenzi kutoka Uingereza, ambako zana za volti 110 hutumiwa pamoja na transfoma yake kwa ajili ya usalama. Kifaa kama hicho huhitaji transfoma, wala hakihitaji plagi mpya.

Ishara ya pili ni idadi ya pini. Pini tatu ni fezi moja, nyutro na ardhi. Pini nne ni fezi tatu na ardhi. Pini tano ni fezi tatu, nyutro na ardhi. Tofauti ya nne na tano hudharauliwa, ilhali ina uzito. Pampu yenye mota tupu haihitaji nyutro. Lakini jiko kubwa la hoteli, ambalo ndani yake mna taa na vidhibiti vya volti 240, huihitaji. Fundi anayeliunga jiko hilo kwa plagi ya pini nne, akautumia waya wa ardhi mahali pa nyutro, huufanya mwili mzima wa jiko kuwa sehemu ya njia ya umeme. Siku waya huo utakapokatika, mpishi atakayegusa mlango wa jiko ndiye atakayeikamilisha njia hiyo kwa mwili wake.

Ishara ya tatu ni nafasi ya pini ya ardhi, na hii ndiyo roho ya mfumo mzima. Chini ya soketi kuna mfuo, na kwenye plagi kuna ukingo ulioinuka unaoingia katika mfuo huo. Mtu akiikabili soketi, huku mfuo ukiwa upande wa chini, huulinganisha uso wake na uso wa saa ya ukutani. Mfuo uko penye tarakimu 6. Tundu la ardhi, ambalo ni pana kuliko mengine, huwekwa penye tarakimu fulani ya saa kulingana na volteji na hezi. Soketi ya buluu ya pini tatu, pamoja na ile nyekundu ya volti 380 hadi 415, huwa na ardhi kwenye 6, na huandikwa 6h. Ya manjano huwa 4h. Ya buluu ya pini nne, kwa fezi tatu za volti 200 hadi 250, huwa 9h. Na ipo nyekundu ya pini nne iliyotengwa kwa makontena ya baridi, kama yale yanayopita katika bandari ya Mombasa, ambayo huwa 3h.

Manufaa ya mpangilio huu ni dhahiri. Soketi ya kontena la baridi na soketi ya pampu ya kiwandani zinaweza kuwa na rangi moja, pini nne nne, na ampea 32 kila moja. Jicho haliwezi kuzitofautisha kwa haraka. Hata hivyo, plagi ya moja haiingii katika nyingine, kwa sababu pini nene ya ardhi haikutani na tundu lake. Kifaa chenyewe humkataza mtu kabla mtu hajakosea.

Saa ya Kizungu na Saa ya Kiswahili

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapoingia. Alama 6h husomwa na fundi aliyefunzwa kwa Kiingereza kuwa ni saa sita. Akimweleza mwanagenzi wake kwa Kiswahili, wepesi wa ulimi humfanya aseme "ardhi iko saa sita". Lakini Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Kwake, saa sita ni adhuhuri au usiku wa manane, wakati mshale wa saa unapoelekea juu kabisa, kwenye tarakimu 12. Mshale ukielekea kwenye tarakimu 6, hiyo kwake ni saa kumi na mbili. Kwa hiyo kauli "ardhi iko saa sita", ikisikilizwa kwa sikio la Kiswahili, huielekeza pini ya ardhi mahali palipo kinyume kabisa na pale panapotakiwa.

Hali ni mbaya zaidi kwa 3h na 9h, kwa kuwa hizi zote mbili ni nafasi halali. Tarakimu 3 katika uso wa saa ni saa tisa ya Kiswahili, na tarakimu 9 ni saa tatu. Tafsiri ya neno kwa neno huzibadilishia nafasi. Mtu akiagiza kwa simu soketi ya "saa tatu", muuzaji anaweza kuelewa 3h, ya makontena ya baridi, au 9h, ya volteji nyingine kabisa. Vivyo hivyo, 4h ikiitwa "saa nne", msikilizaji wa Kiswahili huelekeza mawazo yake kwenye tarakimu 10.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa plagi isiyofaa haiingii, hatari iko wapi? Hatari iko katika hatua inayofuata. Soketi iliyoletwa kimakosa haiwi kifaa kilichorudishwa dukani kila mara. Safari ya kutoka Marereni hadi duka la vifaa vya umeme ni ndefu, madimbwi yanangoja maji, na mwenye kazi anangoja. Hapo ndipo kisu hutolewa. Ukingo wa plagi huchongwa ili uingie kwa nguvu, au plagi hukatwa na kubandikwa nyingine inayoingia. Papo hapo ishara zote tatu huwa zimenyamazishwa. Plagi imeingia, lakini hakuna anayejua tena inasema nini.

Suluhisho halihitaji istilahi mpya. Linahitaji kauli isiyo na njia mbili. Badala ya "saa sita", na iandikwe "kwenye tarakimu 6 ya uso wa saa", au kwa lugha ya mahali, "chini, sambamba na mfuo". Kwa 3h isemwe "upande wa kulia", na kwa 9h "upande wa kushoto", mradi itajwe kwamba mtazamaji anaikabili soketi na mfuo uko chini. Tafsiri bora hapa ni ile inayolielekeza jicho mahali pamoja na pale lilipoelekezwa na matini asilia, hata kama maneno yake ni mengi zaidi.

Rangi Moja, Maana Mbili

Rangi nazo zina mtego wake. Ganda la buluu husema volti 200 hadi 250. Lakini ndani ya ganda hilo mna nyaya zenye rangi pia, na huko buluu ina maana nyingine. Katika utaratibu wa zamani wa Uingereza, ambao ulirithiwa na Kenya, fezi tatu zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Uingereza iliubadilisha utaratibu huo kuanzia mwaka 2004, ikalazimisha ule mpya mwaka 2006, ili ilingane na nchi nyingine za Ulaya. Katika utaratibu mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Waya wa ardhi ni wa kijani na manjano.

Matokeo yake ni kwamba waya wa buluu ni fezi katika jengo la kale na ni nyutro katika kebo mpya. Waya mweusi ni nyutro katika jengo la kale na ni fezi katika kebo mpya. Hii ni polisemia iliyo hatari kuliko zote, kwa kuwa muktadha wake haumo katika sentensi, umo ukutani. Fundi hana budi kupima kwa kipimo kabla ya kuamini rangi.

Kiswahili kina ugumu wake wa ziada. Rangi tatu tu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, ndizo zenye vivumishi asilia vinavyopokea upatanisho wa kisarufi. Nyingine hutajwa kwa majina ya vitu au kwa maneno ya mkopo, na moja huwa na majina kadhaa. Buluu huitwa pia samawati. Kahawia hushindana na hudhurungi. Katika ushairi wingi huo ni utajiri. Katika maelezo ya kuunga plagi, mwandishi na achague jina moja na alishike kutoka mwanzo hadi mwisho, la sivyo msomaji atadhani kuna nyaya mbili mahali penye mmoja.

Maneno ya Karakana

Karakana za pwani zina maneno yake, na hayastahili kubezwa. Mkenya husema stima, neno ambalo zamani liliitaja meli ya mvuke kabla ya kuhamia kwenye umeme. Mafundi husema fezi, nyutro, laivu na ethi. Neno plagi lenyewe lina maana mbili. Kwa fundi wa umeme ni kichomeko, na kwa fundi wa injini ya mashua ni kile kinachotoa cheche. Kauli kama "stima kubwa" na "stima ndogo", kwa maana ya fezi tatu na fezi moja, hueleweka kati ya watu wanaofanya kazi pamoja, lakini haitoshi kwa maandishi. Ukubwa upi unaokusudiwa, wa volti, wa ampea au wa kilowati?

Baadhi ya waandishi wangependa kuweka "awamu" mahali pa fezi. Neno hilo lina sifa nzuri, kwa kuwa lina dhana ya zamu, na kama ilivyoonyeshwa kwa mfano wa kinu, fezi hupokezana kweli. Udhaifu wake ni kwamba awamu hufahamika kama kipindi kinachokwisha ndipo kingine kianze, ilhali fezi zote tatu huwa hai wakati mmoja. Mtu akiambiwa kwamba awamu ya kwanza imezimwa, anaweza kudhani pampu imezimwa. Kwa maandishi ya usalama, neno fezi, ambalo tayari limo vinywani mwa wanaozigusa nyaya, lina haki ya kutangulia. Istilahi nzuri isiyojulikana na aliye hatarini haimlindi.

Chumvi, Maji na Sheria

Kulinganisha volteji hakutoshi mahali ambapo hewa yenyewe ina chumvi. Shaba hupata kutu ya kijani, viungo hulegea, ukinzani huongezeka na joto hutokea pale pini inapokutana na tundu. Ndiyo maana plagi za viwandani huandikwa pia kiwango cha kinga. IP44 huzuia maji yanayorushwa kutoka pande zote. IP67 huzuia vumbi na huvumilia kuzamishwa majini kwa muda mfupi. Kwenye mashamba ya chumvi, katika vyumba vya barafu na kando ya maji, hiyo ya pili ndiyo inayofaa, na kifuniko chake hakina budi kukazwa kila mara.

Aidha, kuna jambo ambalo plagi haiwezi kulisema. Fezi tatu zikiungwa kwa mfuatano uliogeuzwa, volteji ni sahihi, plagi inaingia vyema, lakini mota inazunguka kinyume. Pampu itanguruma bila kutoa maji ya kutosha. Dawa yake ni kubadilishana nyaya mbili za fezi, kazi ambayo hufanywa umeme ukiwa umezimwa na fundi aliyeidhinishwa. Nchini Kenya leseni za mafundi wa umeme hutolewa na mamlaka ya nishati, EPRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019.

Sheria inagusa lugha pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa. Mfanyakazi wa pampu asiyesoma Kiingereza wala Kiitaliano wala Kichina ni mtumiaji vilevile, na maisha yake hayana thamani pungufu kwa sababu kibati hakisemi lugha yake.

Hitimisho

Imebainika kwamba kulinganisha plagi na kifaa ni kazi ya kusoma. Husomwa kibati kwanza, yaani volti, hezi, fezi na ampea. Kisha hupimwa umeme uliopo. Baada ya hapo huchaguliwa plagi na soketi ambazo rangi, idadi ya pini, nafasi ya ardhi na kinga yake vinakubaliana na hayo yote. Plagi ikikataa kuingia, kinachotakiwa ni kuuliza kwa nini imekataa, wala si kutafuta kisu.

Imebainika pia kwamba usomaji huo unapitia katika lugha, na kwamba kosa dogo la tafsiri linaweza kuipeleka pini ya ardhi upande usio wake. Chuo Kikuu cha Pwani kiko mjini Kilifi, karibu na karakana, mahoteli na mashua. Mwanafunzi wa isimu akitoka na daftari lake kwenda kwa mafundi, akaandika jinsi wanavyozitaja pini, rangi na nafasi, kisha akawaandalia ukurasa mmoja wa maelekezo ya Kiswahili yasiyo na utata, atakuwa amefanya utafiti wa istilahi kwa maana yake halisi. Ukurasa huo ukibandikwa kando ya soketi huko Gongoni, kipimo cha ubora wake kitakuwa kimoja tu: kwamba mwanagenzi aliyeusoma asubuhi alirejea nyumbani jioni akiwa salama.